Prosesa ya mtoto si vyombo vya wageni

Kuna sentensi nikiisikia damu inanichemka: "Tumekihifadhi, asije akakiharibu." Mtoto asiyesikia kafanyiwa upasuaji wa kipandikizi cha koklea, yaani kaingiziwa elektrodi, nyuzi za umeme, ndani ya koklea, sehemu ya sikio la ndani, familia imesubiri wiki kadhaa kidonda kipone, prosesa, kile kifaa cha nje kinachonasa sauti, imewashwa, watu wamepiga makofi na picha zimesambaa. Baada ya hapo kifaa kinalala kabatini. Kinatolewa siku ya kliniki na siku ya shughuli, kama vyombo vya wageni.

Kile kilichowekwa chini ya ngozi hakina betri wala maikrofoni. Kinapokea umeme na taarifa zote kutoka kwenye koili ya prosesa iliyonata kichwani kwa sumaku. Prosesa ikivuliwa, sikio lile limezimwa.

Sasa pigeni hesabu. Mtoto mdogo huwa macho kama saa 12 kwa siku. Anayesikia hana kitufe cha kujizima, hata usingizini sauti zinamfikia. Huyu wenu akivaa kifaa saa 3, anahitaji siku nne kupata kile ambacho mwenzake amekipata kwa siku moja. Mwendo huo ukiendelea, miaka miwili baada ya kuwashwa atakuwa na miezi sita ya kusikia. Na hii ndiyo miaka ambayo ubongo unazijenga njia zake za sauti, hausubiri mtu apate nafasi. Ndipo ndugu wanapokuja kuuliza kwa nini haongei, na kidole cha kwanza anaelekezewa mama. Kanuni ni nyepesi kuisema: akifumbua macho avae, avue kwa kuoga na kulala. Wala msimdanganye mtaalamu wa usikivu kuhusu saa za kuvaa, kwa sababu prosesa nyingi za siku hizi zinajirekodi zenyewe na akiichomeka kwenye kompyuta anaona kila kitu.

"Lakini mwenyewe anakivua!" Ndiyo, anakivua, na mara nyingi ana sababu. Chungulia ngozi chini ya koili: ikiwa nyekundu au inauma ikiguswa, huenda sumaku ina nguvu kupita kiasi, inapaswa kulegezwa au kubadilishwa. Kama koili inadondoka kila dakika, pengine nywele zimekuwa nene au zimesukwa hadi pale inaponata. Acheni nafasi hapo. Akishtuka na kulia mlango ukigongwa, huenda viwango vya programu ya prosesa vimewekwa juu mno, mrudisheni kliniki. Na wakati mwingine anang'oa kwa sababu betri imekufa, na yeye hana maneno ya kusema hivyo. Hapo mtoto anachapwa kibao cha mkono kwa utundu, kumbe ndiye fundi pekee aliyegundua hitilafu.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya uji au baada yake, shauri yenu, fanyeni jaribio la sauti sita: a, u, i, m, sh, s. Kaa pembeni au nyuma yake kama mita moja asione midomo, sema kwa sauti ya kawaida, badilisha mpangilio na urefu wa kimya katikati, la sivyo atajifunza mdundo wako badala ya sauti. Mchanga ataacha kunyonya au atageuza macho. Mkubwa arudie alichosikia. Zikipotea zote, anza na betri, kisha kebo, kisha koili, ukibadilisha kitu kimoja kwa wakati ili ujue mkosaji ni nani. Zikipotea s na sh tu ambazo jana alizisikia, tazama kifuniko cha maikrofoni, huenda kimeziba kwa jasho na vumbi. Mkimaliza yote na bado hasikii, msisubiri tarehe ya kliniki, pigeni simu siku hiyohiyo.

Kebo ndiyo mwizi mkubwa. Hukatika kwa ndani pale inapoungana na koili au prosesa, kwa nje inaonekana nzima. Ikunje taratibu huku kifaa kimewashwa: taa ya tahadhari ikiwaka na kuzima, hiyo imekwisha, hata kama inafanya kazi ukiishika "vizuri". Betri za zinki nazo zinapumua hewa; bandua kibandiko, subiri kama dakika tano ndipo uifunge. Usiku toa betri, weka prosesa kwenye chombo cha kukaushia chenye silika, zile chembe zinazofyonza unyevu, kwa sababu unyevu huharibu polepole bila kelele.

Nakubali, tena shingo upande, kwamba hofu ya wazazi haikutoka hewani. Mtu aliyeambiwa kebo moja inaagizwa kutoka mbali na bei yake ndiyo ile, akikifungia kifaa kabatini namwelewa. Ninaowakasirikia ni wale wanaochangisha fedha za upasuaji hadi senti ya mwisho, wakashikana mikono mbele ya kamera, na hakuna aliyeuliza betri za mwezi wa nne baada ya kuwashwa zitatoka wapi. Upasuaji ni asubuhi moja. Kurekebisha programu ya prosesa ni safari nyingi mwaka wa kwanza, kwa sababu viwango vya umeme huanzia chini na kupandishwa kadiri mtoto anavyozoea. Bajeti isiyo na nauli ya safari hizo na mazoezi ya kusikiliza na kuongea ni bajeti ya picha.

Mengine kwa ufupi. Chanjo ya nimokokasi si hiari, maana watoto hawa wako katika hatari zaidi ya homa ya uti wa mgongo. Lugha ya alama haiui usemi, acheni kuwatisha wazazi. Mtoto anahitaji lugha hata betri ikiwa imekufa. Mwalimu anayesema "hasikilizi huyu" ahamishe dawati mbali na dirisha lenye kelele, aje karibu, kisha ndio alalamike. Maikrofoni ya mbali, inayovaliwa na mwalimu na kutuma sauti yake moja kwa moja kwenye prosesa, ingesaidia zaidi ya kelele zake.

Wanaopanga mchango mwingine, andikeni kwenye orodha kabla ya jina la daktari mpasuaji: kebo mbili za akiba, koili moja, betri za mwaka, vifuniko vya maikrofoni, silika, na namba ya mtu atakayepokea simu kebo ikikatika Ijumaa jioni. Na bibi anayeshinda na mtoto mchana kutwa naye afundishwe kubadilisha betri, si baba peke yake anayerudi mtoto amelala.