Mikasi 14 kwenye daftari la imla

Mpwa wangu yuko darasa la pili. Alihamia kwangu Nkuhungu, Dodoma, mwezi Januari kutoka kijijini Chamwino, alikolelewa na bibi yake. Wiki ya tatu akarudi na daftari la imla: maneno 20, mikasi 14 (zile alama za X za kukosa), na chini yake, "Aongeze bidii." Bidii gani tena? Mtoto alikuwa ameikandamiza penseli mpaka karatasi imetoboka.

Usiku ule niliyanakili upya yale makosa, kila moja nikaliweka na ndugu zake. Yakawa mafungu matatu tu.

La kwanza: mutu, mutoto, mukate. Bibi yake ni msemaji wa Kigogo, na kwa Kigogo mtu ni munhu. Isitoshe, chati ya ukutani darasani inamfundisha ba, be, bi, bo, bu, kila konsonanti na irabu yake. Mwambie apige makofi kwa neno "mtu", atapiga mawili, na ndivyo ilivyo. Amesikia silabi mbili, akaipa ya kwanza irabu kama alivyofundishwa. Huyu anafuata kanuni! Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba "m" inaweza kuwa silabi peke yake. Tuliimba m-tu, m-ti, m-ke jioni mbili tatu, na fungu zima likaondoka.

La pili: zahabu, samani, gali. Hapa simlaumu hata kidogo. Tahajia yetu imejengwa juu ya Kiunguja, kilichochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na sauti dh, th na gh zimeingia zaidi na maneno ya Kiarabu. Nenda soko la Majengo usikilize ni wangapi wanatamka "ghali" yenye gh. Mtoto hawezi kuandika asichokisikia. Maneno hayo ayaone kwa macho, ayakariri machache kila wiki.

Fungu la tatu ndilo lililoniumiza. Mwanzoni aliandika "l" kila mahali: lafiki, kalatasi, balua. Hakuwahi kukosea kwa kuweka "r" pasipotakiwa. Kisha akachekwa darasani, na nyumbani nami nikamkaripia, nakiri. Baada ya hapo daftari likajaa ugari, chakura, "ninakura". Kura na kula! Wengi wangesema amezidi kuharibika. Mimi naona alama ya mtoto aliyeambiwa kwamba "l" yake ni aibu bila kuonyeshwa "r" inakaa wapi mdomoni, akaamua kuikimbia "l" popote aionapo. Kosa hili lilitoka kwetu wakubwa.

Najua mwalimu mwenye darasa lililojaa hana nafasi ya kufanya hivi kwa kila daftari. Mzazi anayo, walau jioni moja kwa wiki. Usihesabu mikasi. Angalia ipi inafanana, na angalia pia maneno aliyopata vema, kwa sababu yanakuonyesha mpaka wa anachokijua.

Sasa tunafanya "r" kwa kutikisa ncha ya ulimi kama pikipiki, kisha mahari na mahali, kura na kula. Jana kabla hajaandika "karatasi" alisimamisha penseli, akalitamka taratibu, akanitazama na kuuliza, "Mjomba, hii ni ya pikipiki?"