Nilikwenda Kutupa Pasi

Pasi yangu imefariki ikiwa na umri wa miezi 14. Waranti yake ilikuwa ya mwaka mmoja. Ikajikaza, ikavuka tarehe, ndipo ikakata roho.

Nikaipeleka kwa fundi. Akaigeuza, akaigeuza tena, bisibisi mkononi, anatafuta skrubu. Hakuna. Imegandishwa kwa gundi kuanzia mkia mpaka mdomo.

"Mzee wangu, hii haikutengenezwa ifunguliwe. Nunua nyingine."

Yaani na fundi naye sasa ni wakala wa duka!

Msiniambie eti watu hawajui kutengeneza vitu vya kudumu. Kuna balbu huko Livermore, California, kwenye kituo cha zimamoto. Iliwashwa mwaka 1901 na bado inawaka. Hafifu, sawa, lakini inawaka. Halafu mwaka 1924 wakubwa wa viwanda vya balbu wakakutana Geneva, wakakubaliana balbu iishe kwenye saa 1,000, na kiwanda ambacho balbu zake zinadumu kupita hapo kitozwe faini. Faini ya kufanya kazi vizuri! Mimi kazini kwangu sijawahi kutozwa hiyo, sijui nijitafakari.

Basi jioni nikaikwapua pasi, nikaenda kuitupa kwenye ile nyumba iliyotelekezwa mtaa wa pili. Nyumba ya watu ile! Kuta zimesimama wima, paa bado lipo. Warithi walishindwa kuelewana, kila mtu akashika njia yake. Sasa mti umeota sebuleni na kutoa tawi dirishani, kama mama mwenye nyumba anayechungulia nani kapiga hodi. Nikidhani ni mkosi wa mtaa wetu, kumbe Japani peke yake, hesabu ya mwaka 2023 ilikuta nyumba tupu milioni 9. Milioni 9! Na mimi mwenye nyumba wangu hajawahi kusahau tarehe mosi hata mara moja.

Humo ndani nikakuta sikuwa wa kwanza. Pasi tatu, zote za gundi. Feni isiyo na shingo. Televisheni yenye kibyongo. Na kwenye kona, kiti cha mbao nzito, kizima kabisa, ila mguu mmoja umevunjika kwa chini. Mguu mmoja! Mtu ana mitatu mizima anatupwa?

Nikakibeba kichwani.

Mama watoto alikuwa mlangoni. "Ulikwenda kutupa au kununua?"

"Hiki ni mbao kweli, mama. Gonga usikie."

Hakugonga. "Na hicho kwapani?"

Nikatazama. Pasi.

"Umetoka na takataka moja, umerudi na mbili."

Hajanisemesha tangu jana. Mimi nimekikalia kiti hapa nje, hakiyumbi hata chembe. Ule mguu mbovu nimeuwekea pasi chini, imeingia barabara, utadhani vilipimwa pamoja.