Boya Juu ya Ngorongoro

Mimi ni mtu wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Nauza dagaa, na kabla ya dagaa nilikuwa mtumbwini miaka kumi na moja. Kwa hiyo yule dada mhudumu wa ndege aliposimama kwenye njia ya katikati na kuanza kuonyesha jaketi la njano la kuelea majini linavyovaliwa, nilimtazama kwa huruma. Mimi nifundishwe boya? Nikageukia dirisha. Sentensi aliyoisema nikiwa nimegeuka ndiyo iliyonimaliza.

Tulikuwa KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, tunarudi Mwanza. Nilikuwa nimekwenda Moshi kwa basi kwenye harusi ya mpwa wangu, nikafika magoti yamekufa ganzi, naye akanionea huruma: "Mjomba, kurudi utapanda ndege, saa moja tu." Sikumwambia kwamba sijawahi kupanda. Jirani yangu wa kiti naye sikumwambia, lakini aliona nilivyoshikilia kiti cha mbele kama nashikilia kasia.

Alikuwa mzee wa makamo ya kustaafu, fundi wa ndege maisha yake yote. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaamua kunituliza.

"Mlima usikutishe, mwanangu. Mlima haukimbii, uko kwenye ramani. Kwenye nchi ya milima ndege inapangiwa kupita angalau futi 2,000 juu ya kilele. Tambarare ni 1,000."

"Na huu Meru?"

"Karibu futi 15,000. Sisi tutapita pembeni, tena juu zaidi."

Nikashusha pumzi. Angeishia hapo, mimi na heshima yangu tungefika pamoja.

"Shida," akaendelea, "ni ndege ikivuja hewa ya ndani. Hapo rubani anashuka haraka mpaka kama futi 10,000 ili watu wapumue. Sasa kama chini yako pana mlima wa 15,000, utashukia wapi?" Akacheka. Mimi sikucheka. "Ndiyo maana njia ya kuponyokea inapangwa kabla hamjaruka!"

Akanieleza pia kuhusu kifaa kilichomo kwa rubani, kina ramani ya milima ndani yake, na ndege ikielekea ardhini vibaya kinapiga kelele rubani avute juu. Hicho nilikielewa mara moja. Usiku ziwani, mkikaribia mawe, mnamweka kijana mbele ya mtumbwi awapigie kelele: jiwe! Ila kijana wetu alikuwa anasinzia. Nikauliza kama hicho cha ndege husinzia. Mzee akasema hakisinzii, kisha akafikiri kidogo, akaongeza, "Kikiwa kizima."

Meru ukapita upande wa kulia, kilele kimejitokeza juu ya mawingu kama kichwa cha mtu anayeoga. Nje kweupe kabisa. Ghafla ndege ikatikisika.

"Kawaida," mzee akasema. "Upepo wa mashariki ukiukuta mlima unapanda. Ukishavuka unaporomoka upande wa pili na kujikunja, kama maji nyuma ya jiwe. Hulioni kwa macho, lakini lipo. Ni wimbi."

Hakupaswa kulitaja neno hilo mbele ya mvuvi.

Tulipokuwa juu ya nyanda za Ngorongoro, ndege ikadondoka. Labda ilikuwa mita chache tu, lakini tumbo langu lilibaki juu. Akili ikasema wimbi, mkono ukaenda wenyewe chini ya kiti. Nikachana mfuko, nikalivalia shingoni, nikafunga mkanda wake, nikavuta kile kikamba chekundu. Sekunde nne. Pale Kirumba wangenipigia makofi.

Jaketi likalipuka. Lilinijaa mashavuni, likaninyanyua kidevu mpaka nikawa naangalia taa, likampiga mzee na kumvua kofia, na soda yake ikahamia mapajani mwangu. Mtoto wa kiti cha nyuma akauliza kwa sauti, "Mama, tumefika ziwani?"

Taa ya mikanda ilikuwa inawaka, na wahudumu nao walikuwa wamefungwa kwenye viti vyao, kwa hiyo hapakuwa na wa kuninusuru. Nilikaa hivyo hivyo dakika kama kumi, juu ya Serengeti, mtu pekee aliyejiandaa kuogelea katikati ya nyumbu.

Hewa ilipotulia dada akaja. Alikuwa anang'ata mdomo asicheke.

"Baba, si nilisema usilijaze ukiwa ndani?"

Kumbe ndiyo ile sentensi. Akanieleza taratibu kwamba maji yakiingia ndani ya ndege, mwenye jaketi lililojaa ananyanyuliwa hadi darini na hawezi kuzama kidogo apite mlangoni. Akabonyeza kimrija cha begani, jaketi likatoa hewa kwa mlio ambao sitauelezea. Watu wakanigeukia mimi, si jaketi.

Basi nikatulia, jaketi limelala kifuani kama ngozi ya kambare. Mara rubani akatangaza tunaanza kushuka. Nikachungulia: maji. Ziwa lote, mitumbwi midogo kama punje za mtama, na mimi ndani ya ndege nzima ndiye mtu pekee ambaye boya lake limeshatumika.

"Mzee," nikanong'ona, "likihitajika sasa hivi?"

"Gesi imekwisha. Utapuliza kwa mdomo."

Nikakitazama kile kimrija. Nikamtazama dada, alikuwa ameshafunga mkanda na kunipa mgongo. Tukagusa ardhi ya Mwanza salama salimini, mashavu yangu yamevimba, mrija mdomoni.

Yule mtoto alikuwa na simu ya mama yake. Kesho yake nafika Mwaloni, hata sijafungua turubai la dagaa, kijana mmoja wa kubeba magunia akaniita kutoka mbali: "Shikamoo, Mzee Boya!"

Kwa wasiojua mtaa wetu, boya si kifaa cha kuelea tu, ni bwege pia.