Domeini iwe kwa jina lako, sio la fundi

Mwaka jana dada yangu wa Mwanza, anashona sare za shule, alinipigia asubuhi kwamba websaiti haifunguki na imeili za oda haziingii tangu juzi. Nikacheki, domeini, yaani lile jina la websaiti unaloandika kuifungua, imeisha muda. Meseji za kukumbusha zilikuwa zinaenda kwa kijana aliyemtengenezea websaiti, na siku hizo hapatikani. Dada kila mwaka alikuwa anamtumia hela ya kulipia, lakini kule kwa msajili, yaani kampuni inayosajili domeini, jina lake halipo popote. Iliniuma jamani.

Ndo maana nasema, kabla hamjaongea na fundi wa websaiti habari za rangi na logo, uliza domeini inasajiliwa kwa jina la nani na imeili ya nani. Fundi mpe ruhusa ya kuingia afanye kazi yake, ila akaunti iwe yako. Na imeili ya akaunti isiwe ile ya domeini yenyewe, maana domeini ikizima na imeili inazima, sasa hata ukikumbushwa utajuaje?

Msiseme ni uzembe wa biashara ndogo. Microsoft wenyewe Desemba 1999 walisahau kulipia passport.com, domeini iliyotumika kuingilia imeili yao ya Hotmail, watu wakashindwa kuingia, mpaka programa mmoja Marekani akatoa dola 35 za mfukoni kwake akawalipia.

Domeini ya .com ikiisha, msajili anaweza kukuvumilia siku kadhaa, kila mmoja na utaratibu wake, ikishafutwa unapewa siku 30 za kuikomboa na hapo gharama mara nyingi inazidi bei ya mwaka mzima, halafu siku 5 za mwisho ambazo huwezi kufanya chochote, baada ya hapo yeyote anaibeba. Kuna watu wanazivizia hizo. Za .tz na .ke zina taratibu zake, soma mapema.

Mimi nalipia miaka miwili mitatu kwa mpigo, .com inaruhusu mpaka 10. Malipo ya otomatiki ni mazuri ila kama kadi ni ya kwenye simu na haina salio hayaendi, kwa hiyo weka na alamu mwezi mmoja kabla. Halafu angalia bei ya mwaka wa pili, ile ya ofa isikudanganye.

Yule kijana tulimpata kupitia rafiki yake, akahamisha bila ugomvi. Sasa hivi akaunti ni ya dada, na tarehe ya kuisha kaiandika ukurasa wa kwanza wa daftari lake la vipimo.