Kutoka turubai la msiba hadi geti la Mirembe

Mtaani kwetu Nkuhungu, jijini Dodoma, jirani yangu mmoja alifiwa na mumewe. Hadi matanga yanaanuliwa hakulala peke yake hata usiku mmoja. Wanawake walitandika mikeka sebuleni, wakapeana zamu jikoni, na kila alipoanza kulia upya palikuwa na mkono wa kumshika. Miezi michache baadaye, nyumba ya tatu kutoka hapo, kijana mmoja aliruhusiwa kurudi nyumbani baada ya kutibiwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma. Hakuna aliyempelekea hata kilo ya sukari, na mimi nimo kati ya wasiokwenda.

Nimeyakumbuka hayo mawili kwa sababu ya mabishano ninayoyasikia mara kwa mara. Wapo wanaosema mahusiano mema hujenga ubongo na kuponya majeraha ya moyo. Wapo wanaojibu kwamba hayo ni maneno ya faraja tu: mgonjwa apewe dawa, basi.

Wa kwanza wana ushahidi. Mwaka 2006 mtafiti James Coan na wenzake nchini Marekani waliwaingiza wanawake 16 walioolewa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawaambia kwamba huenda watapigwa shoti ndogo ya umeme. Mwanamke alipokuwa peke yake, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari zilihangaika sana. Aliposhikwa mkono na mtu asiyemjua, zilipungua kuhangaika. Aliposhikwa na mumewe, zikatulia zaidi. Shoti iliyokuwa ikisubiriwa ni ileile. Ila ubongo unapohisi kwamba mzigo una wabebaji wawili, unaupima upya. Wale akina mama wa kwenye mikeka hawajawahi kusikia habari za utafiti huo, lakini kazi waliyokuwa wakiifanya usiku kucha ndiyo hiyo.

Kwa watoto jambo hili ni zito zaidi. Huko Bucharest, Romania, watafiti walifuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye vituo vya yatima, ambako walilishwa na kuvishwa bila kuwa na mtu mmoja wa kuwabembeleza. Baadhi yao walipelekwa kulelewa kwenye familia. Waliopelekwa mapema, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, walipata nafuu kubwa kuliko waliobaki, na hata mawimbi ya umeme ya ubongo wao yalikaribia yale ya watoto waliokulia nyumbani.

Na wasioamini mifano ya Marekani na Ulaya watazame Zimbabwe. Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sisi tungesema tu, "ana mawazo." Matokeo yaliyotolewa mwaka 2016, kutoka kwa watu 573, yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Hapo ndipo wengi hufunga mjadala, nami siwezi, kwa sababu upande wa pili una jambo linaloniuma. Katika utafiti uleule wa Coan, wake wenye ndoa nzuri ndio waliopata utulivu mkubwa zaidi; yaani si kila mkono unatuliza sawa. Kuna la kutisha kuliko hilo. Katika miaka ya 1950 huko London, George Brown na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wa akili waliotoka hospitalini, wakakuta kwamba waliorudi kwa wazazi au wake zao walirudiwa na ugonjwa zaidi kuliko waliokwenda kupanga vyumba au kuishi na kaka na dada zao. Tafiti zilizofuata zilitaja sababu: nyumba zenye lawama, uhasama, au kumwingilia mgonjwa katika kila jambo.

Sisi tunazijua nyumba hizo. Binti aliyeumizwa na mjomba wake anaambiwa avumilie, asivunje ukoo, kisha anakalishwa naye meza moja sikukuu. Ubongo wake nao unajengwa na mahusiano, lakini unajengwa kuwa macho saa zote. Kumwambia binti huyo kwamba familia ni dawa ni kumuumiza mara ya pili.

Na kuna maradhi, kama skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, ambayo upendo hauwezi kuchukua nafasi ya vidonge vyake. Nimeona ndugu wenye mapenzi ya kweli wakimwachisha mgonjwa dawa kwa kuwa "sasa yuko sawa". Hata wale bibi wa Zimbabwe walifundishwa, walisimamiwa, na aliyezidiwa walimpeleka kwa wataalamu.

Hata hivyo, nikilazimishwa kuchagua nasimama na wanaosema watu ni dawa, kwa sharti moja: tusichanganye ukaribu wa damu na usalama. Dodoma hii, tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, imejaa watu ambao ndugu zao wako Mwanza, Mbeya au Dar es Salaam. Mtu wa kumtuliza mwenzake usiku anaweza kuwa mpangaji wa chumba cha pili.

Mgonjwa anaporuhusiwa, swali la kawaida ni ndugu wa karibu ni nani. Ningependa aulizwe pia: ni nani ukikaa naye unapata usingizi? Yule kijana wa mtaani kwetu anaishi na kaka yake, anayemwita mzigo mbele ya wageni. Lakini jioni humkuti kwa kaka yake. Utamkuta kwenye genge la mama muuza mboga, akimsaidia kufunga mafungu ya mchicha, na yule mama ndiye anayemuuliza kama amekunywa dawa.