Mwaka Kogwa Utanimaliza

Katika sikukuu zote anazoweza kuzisherehekea mtu aliyezaliwa kusini mwa Unguja, hakuna ninayoipenda kama Mwaka Kogwa wa Makunduchi, na wala hakuna inayonisumbua kama hiyo hiyo. Idi ina mwezi wake unaoandama, Krismasi ina tarehe yake, na Siku ya Mapinduzi hakuna mwajiri anayethubutu kuihoji; lakini Mwaka wetu haumo katika kalenda aliyoitundika mkuu wangu wa kazi ukutani kwake, na kila Julai inapokaribia hunibidi niingie ofisini humo, nisimame wima, na nieleze kwamba naomba ruhusa ya kwenda kupigana kwa vigogo vya migomba na baadaye kutazama kibanda kikiungua. Mkuu huyo, ambaye kwao ni bara, huniangalia kwa huruma, kisha huniuliza taratibu kama nimewahi kumwona daktari.

Maelezo yangekuwa mepesi kama sikukuu yenyewe ingetulia mahali pamoja. Asili yake ni Nauruzi, mwaka mpya wa Waajemi wa enzi za dini ya Zoroasta, iliyokuwapo kabla ya Uislamu, ikavuka bahari ikaja kukaa pwani yetu. Iran huisherehekea Machi 20 au 21, Waparsi wengi wa India, wafuasi wa dini hiyo ya Zoroasta, huisherehekea Agosti, na sisi Julai, kwa sababu mwaka wa wazee wetu una siku 365 tu, yaani miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za kumalizia, bila ile siku moja inayoongezwa katika Februari kila baada ya miaka minne. Kwa hiyo Mwaka unarudi nyuma polepole, na wageni walioandika habari zake Unguja katika karne ya 19 waliukuta mwishoni mwa Agosti. Nilipomaliza kumweleza mkuu wangu haya yote, aliuliza kama hauwezi kurudi nyuma kidogo zaidi ukaangukia Jumapili.

Nyumbani nako hakuna nafuu. Jirani yangu mmoja, ustadh wa watu, hunikumbusha kila mwaka kwamba mambo haya ni ya waabudu moto na hayana nafasi katika dini yetu, nami humsikiliza kwa adabu zote mpaka amalize, maana najua kwamba akishamaliza atasogea karibu na kuuliza kwa sauti ya chini pilau ya mwaka huu inapikwa nyumba gani. Mke wangu naye, tangu aliposikia kutoka kwa wazee kwamba zamani mioto yote ya majiko ilizimwa siku hiyo na kuwashwa mipya kwa kupekecha vijiti, huzima jiko la gesi tangu usiku na kulala usingizi mzito, ili mila isivunjike. Mimi hutoka alfajiri kwenda kukoga baharini, kusi likivuma, meno yakigongana, nikijua kwamba hakuna chai inayonisubiri.

Hata hivyo, baridi na njaa navimudu. Linalonimaliza ni suala la mgeni. Mila inataka kila nyumba iwe na mgeni siku ya Mwaka, na nyumba isiyopata mgeni huhesabiwa kuwa imejitafutia nuksi. Sasa hebu fikiri hali ya kijiji ambacho kila mwenye nyumba ni mwenyeji, kila mwenyeji amepika, na hakuna hata mmoja anayekubali kuwa mgeni! Watalii hunyakuliwa tangu wanaposhuka garini. Shangazi yangu, ambaye hawezi kukaa barabarani kuvizia watu, huniachia mimi kazi hiyo. "Mwanangu," huniambia kwenye simu, "nyumba yangu ipite Mwaka bila ya mgeni na wewe upo hai?"

Mwaka jana nilimpata mwenzangu wa kazini, kijana wa Iringa, mrefu, mwembamba, mwenye sifa ya kula bila kuhesabu. Kosa lake lilikuwa heshima. Tuliposhuka tu, mama mdogo, ambaye nyumba yake ndiyo ya kwanza kutoka barabarani, alimshika mkono na kumwambia kwamba maji ya kunawa yapo tayari, naye kwa malezi mema aliyopata hakuweza kukataa. Nyumba ya pili vilevile, na ya tatu vilevile. Alipofika kwa shangazi, akaketi mkekani mbele ya sinia la pilau lenye mapaja mawili ya kuku juu, alichukua punje chache kwa ncha za vidole, akazitafuna muda mrefu sana, kisha akaomba maji. Shangazi alilitazama sinia, akanitazama mimi, akatamka kwamba huyu si mgeni, ni mpita njia.

Uwanjani nako hakuna haki. Watu wa kaskazini hukabiliana na watu wa kusini, na mapambano hayo ndiyo nafasi ya kutoa vinyongo vya mwaka mzima ili mwaka mpya uanze na mioyo mieupe. Mimi kinyongo ninacho, na mwenyewe ni fundi cherehani aliyeniharibia kanzu. Lakini fundi huyo ni wa upande wetu, kwa hiyo kila mwaka husimama bega kwa bega nami, akinihimiza, huku nikipigwa na mtu nisiyemjua, aliyevaa koti zito na helmeti ya pikipiki. Kigogo cha mgomba hakivunji mfupa, ni kweli, lakini kikikupata mgongoni hupasuka na kumwaga maji, na utomvu wake ukishaingia katika shati jeupe hakuna sabuni inayoutoa.

Kisha wazee huwasha kibanda cha makuti, na mwelekeo wa moshi husomwa ili kujua mwaka utakuwaje. Moshi huo, popote upepo unapotoka, hupitia machoni kwangu kwanza. Walio mbele husikia tafsiri kutoka kwa mzee mwenyewe. Sisi wa nyuma huipokea mkono kwa mkono, na nilipokuwa bado nafikicha macho mmoja aliniambia ni neema, mwingine akasema ni mvua. Wakati huohuo wanawake walikuwa wakizunguka na nyimbo zao, ambazo siku hiyo zina ruhusa ya kumsema yeyote, na sauti ya shangazi niliitambua kabla sijayasikia maneno: ulikuwa wimbo wa mtoto wa kaka aliyemletea mgeni aliyeshiba.

Mwaka huu ameshapiga simu. Natafuta mgeni mwenye afya, asiye na haya ya kukataa, asiye na jamaa popote kati ya barabara na nyumba ya shangazi, na aliye tayari kutembea amefumba mdomo mpaka afike. Nauli nitalipa mimi, ya kwendea. Ya kurudia tutazungumza baada ya kuliona sinia.