Forester ya Turbo: Mguu, Karatasi na Pampu ya Mafuta

Ukitaka kuanzisha ubishi Nairobi, taja Subaru. Ukitaka usiishe, uliza inakula mafuta kiasi gani. Wapo watakaokuapia kwamba mwenye turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, humfanyia kazi mwenye kituo cha mafuta. Na wapo wenye jibu moja tangu zamani: "Ni mguu wako tu," yaani unavyokanyaga mafuta. Utetezi huo nimeusikia mara nyingi, na nimeutoa mwenyewe, lakini siku hizi naona una tundu.

Tusizichanganye Subaru zote. Nazungumzia Forester XT ya umbo la SJ, ile iliyoanza kutoka kiwandani mwishoni mwa 2012: injini ya lita 2.0 yenye turbo, nguvu za farasi 280 kwa kipimo cha Japani, na gia ya CVT, ile ya otomatiki isiyo na hatua. Sifa ya ulevi ilizaliwa na mama zake, zile Forester za turbo za zamani zenye injini ya kizazi cha EJ na gia nne za otomatiki. Hao siwatetei.

Karatasi ya vipimo rasmi ya Japani inaipa XT hii kilomita 13.2 kwa lita. Wauzaji wa magari yaliyotumika huinakili namba hiyo kwenye matangazo kana kwamba ni ahadi. Kumbe ni matokeo ya kipimo cha JC08, ambapo gari hukimbizwa juu ya rola ndani ya maabara kwa kilomita nane hivi, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 24.4 kwa saa, na halivuki hata mara moja kilomita 82 kwa saa. Hakuna mlima, hakuna kiyoyozi, hakuna abiria wanne na gunia la viazi. Kwa kulinganisha magari mawili kipimo hicho kinafaa. Kwa kupanga bajeti ya mwezi hakifai kitu.

Wamarekani hupima kwa ukali zaidi. Tangu magari ya mwaka 2008, namba zao huhesabu pia mwendo wa kasi, joto pamoja na kiyoyozi, na baridi kali. XT ya 2014 waliipa maili 23 kwa galoni mjini, 28 barabara kuu, na 25 kwa wastani. Kwa lugha yetu ni kilomita 9.8 kwa lita mjini, 11.9 safarini na 10.6 kwa wastani. Yaani zile 13.2 za karatasi zimepoteza karibu moja ya tano kabla gari halijafika Bandari ya Mombasa.

Hapo wapinzani watashangilia, lakini wasubiri kidogo. Forester isiyo na turbo iliyouzwa Marekani mwaka huohuo, ya lita 2.5 na nguvu za farasi 170, ilipata wastani wa maili 27. Tofauti kati ya hizo mbili haifiki lita moja kwa kilomita 100: ni 0.7 tu. Ukiendesha kilomita 15,000 kwa mwaka, turbo imekugharimu lita 105. Hata kwa bei ya Oktoba 2023, petroli ilipofika shilingi 217.36 Nairobi, hizo ni kama shilingi elfu ishirini na tatu kwa mwaka mzima. Wengi wetu hutumia zaidi ya hapo kwa nyama choma. (Isiyo na turbo iliyotujia kutoka Japani kwa kawaida ilikuwa ya lita 2.0, kwa hiyo pengo linaweza kuwa kubwa kidogo kuliko hilo. Lakini si la kutisha.)

Kwa nini pengo ni dogo? Kwa sababu turbo si mrija wa kunyonya mafuta uliofunguliwa saa zote. Ukienda taratibu, injini inavuta hewa kama injini yoyote ya lita 2.0. Ukikanyaga, turbo inasukuma hewa zaidi ndani, na hewa zaidi inadai mafuta zaidi. Ukikanyaga kwa nguvu kabisa, kompyuta humwaga mafuta ya ziada ili tu kupoza moto ndani ya silinda, mafuta ambayo hayakusogezi hata hatua. Injini hii pia ilitengenezewa petroli ya oktani ya juu. Ukiipa ya kawaida, kompyuta huchelewesha cheche ili injini isigonge, yaani mafuta yasilipuke ovyo ndani ya silinda, na hapo unapoteza nguvu na mafuta kwa pamoja.

Sasa mjini, mahali ambapo ubishi huwa mkali kuliko kote. Chukua gari la kilo 1,600 likikimbia kilomita 60 kwa saa, kisha likanyagwe breki kwa sababu ya tuta au matatu iliyosimama ghafla. Kurudi kwenye kasi ileile kunahitaji, kwa hesabu yangu, kama mililita 28 za petroli, yaani vijiko viwili vya mezani. Simama hivyo mara thelathini na sita na lita imekwisha. Vitz, kile kigari cha Toyota cha tani moja, ingetumia kijiko kimoja na ushee. Lakini angalia vizuri: katika hesabu hiyo turbo haimo kabisa. Kilichomo ni uzito. Forester isiyo na turbo ni nyepesi kidogo tu, nayo hulipa karibu bei ileile kwenye kila tuta. Ongeza saa nzima ya kusimama Waiyaki Way injini ikinguruma na kiyoyozi kikivuma, na takriban lita moja nyingine imeyeyuka bila kilomita hata moja. Anayeilinganisha XT na Vitz analinganisha ng'ombe na mbuzi kisha anashangaa nyasi.

Kufikia hapa ungedhani wenye XT wameshinda. Hawajashinda, na ndiyo maana nimesema utetezi wao una tundu.

"Ni mguu tu" ni kweli ikiwa mguu ni uleule katika magari yote mawili. Nani amenunua XT ili aiendeshe kama isiyo na turbo? Gari lenye nguvu humwita dereva. Barabara ikifunguka baada ya Roysambu, ile isiyo na turbo inapanda kasi kwa kulalamika, nawe unaridhika na 80. XT inafika 110 kabla hujamaliza sentensi, na kutoka 80 hadi 110 upinzani wa upepo unakaribia kuongezeka maradufu. Hakuna aliyekulazimisha, kweli, lakini kishawishi ulikilipia ulipolipia gari. Lita 105 za hapo juu ni gharama ya kuwa na turbo. Gharama ya kuitumia haiandikwi kwenye karatasi ya nchi yoyote.

Na wapo wanaojidanganya kwa vipimo. Mtu anatia mafuta ya elfu moja, anatazama mshale, anatangaza "kumi na nne kwa lita." Mwingine husoma kioo cha dashibodi, ambacho mara nyingi humpendelea mwenye gari. Njia inayoaminika ni ileile ya wazee: jaza tangi mpaka pampu ikatike, rudisha kihesabu cha kilomita kwenye sifuri, tembea, jaza tena kwenye pampu ileile, gawanya. Rudia mara tatu au nne.

Hata hivyo, uangalie ulikopimia. Namba nyingi za kujivunia nilizosikia zilipimwa kwenye safari ya kwenda Mombasa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kwenda pwani ni kushuka. Kulipandisha tena gari la tani 1.6 hadi juu, kwa hesabu ya haraka, kunakula kama lita tatu zaidi ya yale ya mwendo wenyewe. Safari ya kurudi, sijui kwa nini, huwa haipimwi.

Upande mmoja sijautendea haki. Kati ya Voi na Mtito Andei, nyuma ya msururu wa malori, XT hulipita lori na kurudi upande wake mapema zaidi. Kwenye mwinuko wa Nairobi faida hiyo hukua, maana injini isiyo na turbo hupoteza zaidi ya sehemu moja ya sita ya nguvu zake kwa uchache wa hewa, na turbo hufidia sehemu kubwa ya hasara hiyo. Sekunde chache za kukaa upande wa malori yanayokuja nazo zina bei, na 0.7 ya lita naiona rahisi.

Kwa hiyo anayetoka Rongai kwenda Upper Hill kila asubuhi ningemwambia achukue isiyo na turbo, tena ikiwezekana achukue gari dogo kabisa. Anayekwenda Eldoret kila baada ya wiki mbili, anayeweza kuvumilia 90 wakati gari linamwomba 130, achukue XT. Ninawajua wenye XT wengi. Wanaoweza kuvumilia 90 ninawajua wawili, na mmoja wao aliiuza.